Goma na Beni: kilomita 250 angani, zaidi ya 550 kwa kuzunguka

Familia nyingi za Beni, Butembo na Lubero zina ndugu Goma. Wengine walikwenda kwa masomo, wengine kwa biashara, wengine waliolewa huko. Tangu mwisho wa Januari 2025 swali moja linarudi kila mahali, kwenye ajensi za bisi, hospitalini, na katika nyumba ambamo wakimbizi wa ndani wamepokelewa: kutoka hapa hadi Goma ni mbali gani?

Zamani mtu yeyote angejibu bila kufikiri. Leo jibu linategemea anayeuliza ana hati gani, ana dola ngapi mfukoni, na ni nani anayeshika barabara siku hiyo. Umbali kati ya uwanja wa ndege wa Goma na ule wa Mavivi, karibu na Beni, haujabadilika hata mita moja. Njia ya kuuvuka ndiyo imebadilika, na si mara ya kwanza.

Ramani inasema nini

Ukichora mstari mnyoofu kutoka uwanja wa Goma hadi Mavivi, unapata karibu kilomita 250. Hadi Rughenda, uwanja mdogo wa Butembo, ni karibu kilomita 200. Ndege ndogo za aina ya Let 410 au Dornier 228, ambazo wakaaji wa Kivu Kaskazini wanazijua vizuri, hukimbia kati ya kilomita 350 na 400 kwa saa zikishafika juu. Ukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, Goma hadi Mavivi ni kama dakika 45. Hadi Rughenda ni pungufu kidogo.

Katika dakika hizo abiria anavuka karibu jimbo zima. Ndege ikitoka Goma inaacha nyuma ziwa Kivu na kuupita mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470. Chini inakuja nchi tambarare ya Rutshuru na Rwindi, ndani ya hifadhi ya Virunga. Kulia linaonekana ziwa Edouard, kushoto vilima vya Lubero. Kati ya Lubero na Butembo ndege inavuka mstari wa ikweta, kisha inateremka kuelekea msitu wa Beni. Hewa ikiwa safi, upande wa kulia unaonekana mlima Ruwenzori.

Barabara ya kitaifa nambari 2 haiwezi kwenda moja kwa moja hivyo. Inapanda, inateremka, inazunguka vilima. Kutoka Goma hadi Butembo ni karibu kilomita 300, na kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Jumla ni kilomita 350 hivi, yaani 100 zaidi ya njia ya ndege. Tofauti hiyo imetokana na milima tu. Tofauti nyingine zote zinazofuata katika historia hii zimeletwa na watu.

Kutoka miguu hadi bisi

Kabla ya gari, umbali ulihesabiwa kwa siku za kutembea. Mpagazi mwenye mzigo alienda kama kilomita 20 au 25 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, safari kati ya Beni na ziwa Kivu ilikuwa majuma mawili au zaidi, bila kuhesabu mvua, ugonjwa au mto uliojaa.

Barabara za magari zilikuja wakati wa Wabelgiji. Zilichimbwa kwa jembe na sururu, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya lazima kwa wanakijiji. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha hifadhi ya Albert, ambayo sasa inaitwa Virunga. Hifadhi hiyo ilipanuliwa miaka iliyofuata, na barabara kuu ya Goma–Butembo ikawa inapita ndani yake. Ndiyo sababu hadi leo, kati ya Rutshuru na Kanyabayonga, msafiri anakuta sehemu ndefu isiyo na vijiji vikubwa. Kisha inakuja Kabasha, ile mikunjo mikali inayopanda kutoka tambarare ya Rwindi hadi Kanyabayonga. Dereva wa lori aliyepita Kabasha wakati wa mvua hahitaji kuelezwa kwa nini kilomita moja si sawa na nyingine.

Hata hivyo barabara hiyo ililisha miji. Maharagi, viazi, vitunguu na kabichi za Lubero ziliteremka Goma, na vitu vya dukani vikapanda Butembo. Katika siku nzuri bisi iliyoondoka Goma alfajiri iliingia Butembo jioni. Kwa hiyo umbali wa kawaida, katika akili za watu, ulikuwa siku moja: kesho asubuhi unaondoka, kesho jioni umefika.

Barabara za Zaïre zilipozidi kuharibika, ndege ndogo zilichukua nafasi. Kampuni ya TMK, iliyokuwa na makao Goma, iliunganisha miji ya Kivu na Ituri kwa ndege ndogo kwa miaka mingi. Air Zaïre, kampuni ya serikali, ilifilisika mwaka 1995. Baada ya hapo safari za anga za mashariki ziliachwa mikononi mwa kampuni za watu binafsi na za mashirika.

Butembo ilikuwa na shida yake. Rughenda ni uwanja wa udongo, katika mji ulio juu milimani kuliko Beni. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo ndege ndogo tu ndizo zinazoweza kutua huko. Mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza bidhaa hadi Dubai au Guangzhou amezoea kushuka Mavivi, karibu kilomita 10 kaskazini mwa Beni, akitaka kupanda ndege kubwa.

Mara ya kwanza Kanyabayonga ilipogeuka mpaka

Vijana waliozaliwa baada ya 2003 wanaweza kufikiri kwamba kugawanyika kwa jimbo ni jambo jipya. Wazazi wao wanakumbuka vingine.

Vita ya pili ilianza Agosti 1998. Mwaka uliofuata waasi wa RCD waligawanyika. RCD-Goma, iliyosaidiwa na Rwanda, ilishika Goma, Rutshuru na Masisi. Kundi lingine, lililokuja kuitwa RCD-K/ML, lilishika Beni, Butembo na Lubero chini ya Mbusa Nyamwisi, likisaidiwa kwanza na Uganda. Mstari kati ya pande hizo mbili ulikuwa upande wa Kanyabayonga. Barabara ileile ya bisi ikawa na tawala mbili, bariera za pande mbili na kodi za pande mbili.

Juni 2003, wakati viongozi wa Kinshasa wakijiandaa kuunda serikali ya mpito, RCD-Goma ilipanda hadi kuuteka mji wa Lubero. Wakaaji wa Butembo walijiuliza kama mapigano yangewafikia. Hayakufika, na mwaka huo huo nchi iliunganishwa kwa makubaliano. Lakini Desemba 2004 bunduki zililia tena Kanyabayonga, safari hii kati ya wanajeshi wa serikali na wenzao walioasi, na watu wengi walikimbilia kaskazini.

Katika miaka hiyo anga nayo haikuwa salama. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia ndege ya Goma. Uwanja uliendelea kutumika ukiwa mfupi. Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliyokuwa inaelekea Kisangani na Kinshasa ilishindwa kuruka na kuingia katika soko na nyumba za mtaa wa Birere. Na tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 ya kampuni Busy Bee, iliyokuwa inakuja Beni, ilianguka juu ya nyumba dakika chache baada ya kuondoka Goma. Zaidi ya watu 20 walikufa, wakiwemo waliokuwa nyumbani kwao bila safari yoyote. Siku hiyo familia za Beni zilizokuwa zinangojea wageni Mavivi zilirudi nyumbani na matanga.

Kwa nini watu waliendelea kupanda ndege hizo? Jibu liko barabarani.

Miaka ya misafara

Kuanzia miaka ya 2010, utekaji wa abiria uliongezeka kwenye sehemu ya hifadhi, kati ya Rutshuru na Kanyabayonga. Magari yalianza kupita kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Msafiri alilazimika kufika kabla ya saa ya msafara, au kulala njiani. Siku moja ikawa mbili. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa kwenye barabara hiyohiyo, upande wa Kibumba, si mbali na Goma. Dunia nzima ilisikia jina la njia ambayo wauza maharagi waliipita kila juma.

Upande wa Beni mambo hayakuwa bora. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na ADF yameenea katika teritware ya Beni, hasa njia ya Mbau, Oicha na Eringeti. Hata kufika uwanja wa ndege kulikuwa hatari. Tarehe 2 Januari 2014 kolonel Mamadou Ndala, aliyekuwa ameongoza mapigano dhidi ya M23 kwenye lango la Goma, aliuawa Ngadi, kwenye barabara inayotoka Beni kuelekea Mavivi. Vijiji vinavyozunguka uwanja vimeshambuliwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa familia ya Oicha au Mavivi, kelele ya ndege inayotua iliendelea kusikika wakati wao wenyewe walikuwa wanafunga mizigo ili wakimbie kwa miguu.

Ebola nayo ilionyesha jinsi miji hii ilivyofungamana. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukianzia Mangina, kisha ukaenea Beni, Butembo na Katwa. Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Julai 2019, mchungaji mmoja aliyetoka Butembo kwa bisi aligunduliwa mgonjwa Goma. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mlipuko ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika miezi hiyo yote dawa, chanjo na waganga walipita angani kati ya Goma na Beni, huku wananchi wengi wakipita barabarani na kunawa mikono kwenye kila bariera.

Mlango unafungwa

Juni 2022 M23 iliteka Bunagana. Oktoba mwaka huo iliteka Rutshuru na Kiwanja, na bisi za Goma–Butembo zikakatiwa njia ya kawaida. Ndege ikawa tegemeo la wenye uwezo. Mama mwenye mzigo wa viazi hakuwa na ndege: aliuza kwa bei ya chini Butembo au aliacha kulima kwa soko la Goma.

Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka, kisha Kirumba. Desemba mapigano yalifika Matembe na Alimbongo, na familia nyingi za kusini mwa Lubero zikapanda kuelekea Lubero na Butembo. Mstari uliokuwa umechorwa miaka ya 1999 hadi 2003 ulirudi karibu palepale, na safari hii ulisogea zaidi kaskazini.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa. Serikali ya jimbo ilihamia Beni, na gavana mpya, Évariste Somo Kakule, alifanya kazi akiwa huko. Beni ilikuwa mji wa gavana, na Goma ikawa mahali ambapo hakuna ndege ya abiria inayotoka Mavivi kwenda.

Oktoba 2025, katika mkutano uliofanyika Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ilipinga tangazo hilo mara moja. Inafaa familia zielewe vizuri: tangazo lenyewe lilihusu ndege za misaada. Hata kama lingetekelezwa siku ileile, halingempa mwananchi wa kawaida tiketi ya Goma–Beni.

Nchi tatu ili kufika jimbo lilelile

Basi watu wanapita wapi? Wengi wanazunguka. Njia moja inatoka Goma, inaingia Rwanda kwa Gisenyi, inavuka kwenda Uganda kwa Cyanika au Gatuna, inapita Kabale, Mbarara na upande wa Kasese, inafika Mpondwe, kisha inarudi Kongo kwa Kasindi. Kutoka Kasindi hadi Beni kunabaki kilomita 80. Wengine wanapitia Bunagana au Ishasha, mipaka hiyo inapokuwa wazi.

Ukijumlisha kilomita kwenye ramani, mzunguko huo ni kati ya 550 na 650, kulingana na mpaka uliochaguliwa. Njia ya ndege ilikuwa 250. Wengi wanahitaji siku mbili, na anayekwama mpakani anahitaji zaidi. Saa nazo zinabadilika: Uganda iko mbele ya Beni kwa saa moja, kwa hiyo anayefika Mpondwe kutoka Kasindi saa tano kwa saa ya Kongo anakuta ni saa sita kwa wenzake. Asiyejua hilo anaweza kukosa bisi au kukuta ofisi imefungwa.

Kizuizi kikubwa zaidi si kilomita. Ni karatasi. Wakongomani wengi hawana kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya uchaguzi, na waliokimbia usiku mara nyingi waliiacha ndani ya nyumba. Mtu ambaye jana alisafiri ndani ya jimbo lake bila kuulizwa paspoti, leo anahitaji hati ya kuvuka nchi mbili za kigeni ili amzike mama yake. Ndiyo maana matanga mengi sasa yanafanyika mara mbili, upande mmoja Goma na mwingine Butembo, na mazishi yanafuatwa kwa simu.

Linganisha na Kinshasa. Kutoka Mavivi hadi mji mkuu ni karibu kilomita 1,650 kwa mstari mnyoofu. Ndege kubwa isiyosimama njiani inaweza kuzimaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Ikiondoka Kinshasa saa nne ya asubuhi, itatua Mavivi saa saba na nusu kwa saa ya Beni, kwa sababu Beni iko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo mwenye tiketi leo anaiona Kinshasa kabla ya saa ya chakula cha jioni, lakini Goma, iliyo karibu mara sita na nusu zaidi, inamchukua siku mbili. Asiye na tiketi haoni hata moja.

Nini kinaweza kurudisha kilomita mahali pake

Kuna kazi moja inayoendelea kupunguza umbali, lakini inaelekea mashariki. Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua mradi wa barabara za kilomita 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Sehemu mbili za kwanza zina faida wazi kwa Grand Nord: mgonjwa anafika hospitali mapema, na lori la kahawa halilali matopeni. Sehemu ya tatu iko katika eneo lililoshikwa na M23.

Hesabu kilomita hizo vizuri. Kwa pamoja zinaunganisha miji ya Kivu Kaskazini na mpaka wa Uganda. Hakuna hata moja inayounganisha Butembo na Rutshuru, yaani ile sehemu ya Lubero, Kanyabayonga na Kabasha ambayo imekatika mara mbili katika miaka 25. Barabara nzuri ya kwenda Kasindi itaurahisisha mzunguko wa kupitia Uganda, na mzunguko ukiwa rahisi, haja ya kuifungua njia ya katikati inaweza kusahaulika na wenye uamuzi.

Historia inaonyesha kwamba mwaka 2003 Kanyabayonga haikufunguliwa na mafundi wa barabara. Ilifunguliwa na makubaliano, na bisi zilirudi kwenye barabara ileile mbovu, juu ya mikunjo ileile ya Kabasha, kabla hata shimo moja halijazibwa. Mazungumzo ya Doha na ya Washington yanaweza kupimwa na familia za Beni, Butembo na Lubero kwa kipimo hichohicho: je, gari la abiria limetoka Butembo na kufika Goma bila kutoka nje ya Kongo? Je, ndege ya raia imeondoka Mavivi na kutua Goma?

Wakati huo ukifika, hesabu itakuwa ileile ya zamani: dakika 45 angani, au siku moja ya bisi. Kwa sasa, anayepanga safari ahakikishe mpaka gani uko wazi, aandae hati kabla ya kununua tiketi, na asikubali kulipia ndege ya Goma kwa mtu yeyote anayedai kuwa ana nafasi. Ndege zinazoonekana Mavivi zikiwa na alama ya Umoja wa Mataifa hazichukui abiria wa kawaida kwa malipo.